Tenga Mbegu Kabla ya Kula

Masomo: Kutoka 16:13-30, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, Marko 1:32-35



Nawasalimu ninyi nyote wa hapa Nakivale, wa vijiji vya karibu na vya mbali, pamoja na wageni waliofika juzi na ambao bado wanalala katika kituo cha mapokezi. Karibuni sana. Ukurasa huu ni wenu pia.

Tunapozunguka nyumba kwa nyumba pamoja na wazee wa kanisa, kuna neno moja tunalolisikia kuliko mengine yote: "Mchungaji, Mungu nampenda, lakini muda sina." Neno hilo halisemwi kwa kiburi. Linasemwa na mama aliyeondoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta maji, akarudi jua limepanda, akakuta mtoto ana homa, akambeba mgongoni mpaka zahanati na kukaa mstarini hadi jioni. Linasemwa na baba anayelima kibarua katika shamba la mtu ili watoto wapate unga wa usiku ule tu. Linasemwa na kijana anayeendesha pikipiki isiyo yake, ambaye lazima atimize pesa ya mwenye pikipiki kabla ya kupata shilingi yake ya kwanza.

Watu hawa hawastahili kukemewa. Maisha yamekuwa magumu kweli. Aprili 2020 mgao wa chakula hapa Uganda ulipunguzwa ukabaki asilimia 70. Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Na Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani lilitangaza kwamba watu wapatao milioni moja wanaondolewa katika mgao kwa sababu fedha hazipo. Kila kilo ya unga iliyoondoka ilipaswa kutafutwa mahali pengine, na kutafuta kunakula saa. Kwa hiyo anayesema hana muda hatungi hadithi. Muda wake umekwenda pale ulipokwenda unga.

Basi tufanye nini? Tumwambie Mungu asubiri mpaka hali iwe nzuri? Tulifungue Neno tuone.

1. SIKU YA PUMZIKO ILITOLEWA KWA WATU WA MGAO

Wengi wetu tunafikiri siku ya Bwana ni kitu cha watu walioshiba, wenye mashamba yao na ghala zao. Lakini soma Kutoka sura ya 16 kwa makini. Wana wa Israeli walikuwa wametoka Misri mwezi mmoja tu uliopita. Hawakuwa na shamba, hawakuwa na nyumba, hawakuwa na nchi. Walikuwa njiani, na chakula chao kilikuwa mgao: pishi moja kwa kila kichwa, kulingana na hesabu ya watu walio katika hema. Aliyejitahidi kuokota nyingi hakubakiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Aliyeficha ya kesho aliikuta imeingia wadudu na kunuka. Ndugu zangu, nani anayeelewa sura hii kuliko sisi? Watu wa mijini wanaisoma kama hadithi ya zamani. Sisi tunaijua ile mizani, na tunaijua ile hesabu ya vichwa.

Na ni pale pale, katikati ya watu wa namna hiyo, kabla hawajafika Sinai na kabla Amri Kumi hazijatolewa, ndipo Mungu alipowafundisha siku ya saba. Siku ya sita waokote mara mbili, siku ya saba wapumzike mbele za Bwana. Hakungoja wafike Kanaani. Hakusema, "Kwanza mjenge, mlime, mpate akiba, halafu tutazungumza habari za ibada." Aliwapa siku ile wakiwa jangwani, wakiwa hawajui kesho watakula nini.

Biblia inasema pia kwamba wako waliotoka siku ya saba kwenda kuokota, wasipate kitu. Hatusomi kwamba walipigwa wala kufukuzwa. Walirudi mikono mitupu, na Mungu akawauliza swali kupitia Musa: mtakataa kunisikia mpaka lini? Walikuwa na chakula nyumbani, kile cha jana kilichohifadhiwa bila kuharibika. Lakini hofu iliwatoa nje. Tulipime jambo hili katika mioyo yetu: katika kukimbia kwetu kwa kila siku, ni kiasi gani ni njaa ya kweli, na ni kiasi gani ni hofu iliyotuzoea tangu siku ile tulipokimbia?

2. FARAO HAKUWA NA SIKU YA MAPUMZIKO

Rudi nyuma hadi Kutoka sura ya 5. Musa na Haruni walimwendea Farao na kuomba kitu kimoja: watu wapewe siku tatu waende jangwani kumwabudu Mungu wao. Unaona ombi lao lilivyokuwa? Waliomba muda. Na Farao alijibu nini? Alisema watu hawa ni wavivu, ndiyo maana wanataka kwenda kuabudu. Akaamuru wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja.

Hiyo ndiyo sauti ya utumwa. Mtumwa hana saa yake. Kila dakika ina mwenyewe, na mwenyewe si Mungu. Ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, Musa anapoikumbusha amri ya Sabato, anaitolea sababu hii: mkumbuke kwamba mlikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa. Maana yake ni kwamba kumtengea Mungu muda ni alama ya mtu huru. Na amri ile haikumwangalia baba wa nyumba peke yake. Ilimtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Mgeni, wapendwa! Mtu asiye na nchi alihesabiwa katika pumziko la Mungu.

Wako waliotunyang'anya nyumba, ng'ombe, mashamba ya mihogo na makaburi ya wazee wetu. Huko Fizi, Uvira, Masisi na Rutshuru tuliacha vingi. Tusikubali kunyang'anywa na hiki. Robo saa ambayo unakaa na watoto wako mbele za Mungu, hakuna karatasi inayoiruhusu wala mlinzi anayeweza kuizuia. Danieli alikuwa uhamishoni Babeli, tena mmoja wa wakuu watatu wa ufalme, mtu wa kazi nyingi kuliko wengi wetu. Sheria ilipotolewa ya kumzuia kuomba, alipanda chumbani mwake, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Zingatia neno hilo: alivyozoea. Hakuanza siku ile ya hatari. Hatari ilimkuta ameshaanza.

3. MBEGU HUTENGWA KABLA YA KULA

Sasa nifike kwenye kiini cha ujumbe wangu, na nitasema kwa lugha ya shamba, maana wengi wetu ni wakulima.

Mnajua mama zetu walivyofanya wakati wa mavuno. Kabla mahindi hayajapelekwa kinuni au mashineni, waliyachagua yale makubwa, yenye punje zilizojaa. Waliyafunga kwa maganda yake na kuyatundika juu ya meko, ili moshi uyalinde na wadudu. Hiyo ilikuwa mbegu. Hawakungoja kuona kitakachobaki baada ya kula, kwa sababu walijua kwamba baada ya kula hakibaki kitu. Na ule mwezi wa njaa ulipofika, watoto wakalia huku mahindi yanaonekana pale juu, mama hakuyagusa. Si kwamba hakuwapenda watoto wake. Alijua kwamba akiyapika leo, nyumba itashiba usiku mmoja, na mvua ikinyesha hawatakuwa na cha kutia ardhini.

Muda wa Mungu uko hivyo. Tukisubiri kumpa Mungu saa inayobaki baada ya maji, kuni, kibarua, zahanati, mstari na simu, hatutampa kitu. Si kwa sababu sisi ni wabaya, bali kwa sababu siku ya mkimbizi haina masazo. Muda wa Mungu haupatikani, unatengwa. Yule anayeutafuta hataupata. Yule anayeutenga kabla siku haijaanza kuliwa, huyo anao.

Bwana wetu mwenyewe alifanya hivyo. Marko anatuambia kwamba jioni moja huko Kapernaumu waliletewa wagonjwa wote, mji mzima ukakusanyika mlangoni. Kesho yake, alfajiri na mapema kungali giza, Yesu aliondoka akaenda mahali pasipo watu akaomba. Wanafunzi walipomwona wakamwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Kazi haikuwa imekwisha. Wagonjwa walikuwa bado wako. Lakini alitenga mbegu kwanza, ndipo akaenda kuwalisha wengine.

Na tusiogope hesabu. Siku moja ina robo saa 96. Ukimtengea Mungu moja, zinabaki 95 za maji, kuni na kibarua. Hakuna nyumba iliyolala njaa kwa sababu ya ile moja.

4. TUSISEME, "TUKIFIKA TUTAOMBA"

Wako wapendwa ambao miaka mingi wamekuwa wakisema: tukipata nchi ya tatu, tutatulia, tutamtumikia Mungu vizuri. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, nyumba nyingi zilikaa kama nyumba za msiba. Watu walikuwa wamemaliza mahojiano, wengine walikuwa wameuza vyombo vyao. Kanisa linalia pamoja nao, na tunaendelea kuwaombea mlango ufunguke.

Lakini nawaomba tusiweke ibada yetu katika faili moja na safari yetu. Wale waliotangulia wakifika huko wanatuambia katika simu kwamba wanafanya kazi zamu ya usiku, mume anatoka mke anaingia, na Jumapili nyingine inapita bila wao kuonana. Muda hauko ng'ambo ukitungoja. Aliyezoea kutenga hapa, atatenga na kule. Aliyengoja hapa, atangoja na kule. Mungu aliwaandikia wafungwa wa Babeli kwa mkono wa Yeremia, katika sura ya 29, kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, wauombee amani mji ule walioko. Aliwaambia waishi pale pale, na pale pale wangemtafuta na kumwona.

5. KAZI YA NYUMBANI

Neno lisipokuwa na mikono halifiki nyumbani. Kwa hiyo napendekeza mambo manne, mepesi, ya kuanza nayo juma hili.

La kwanza, kila nyumba ichague saa yake na isiibadilishe. Kwa wengi, saa nzuri ni baada ya kula usiku, kabla watoto hawajasinzia. Kifungu kifupi kimoja, wimbo mmoja, kila mtu ataje jambo moja la kushukuru, baba au mama aombe, basi. Robo saa inatosha. Kama taa haina chaji, kariri aya mchana na uwasomeshe watoto gizani kwa kusema. Neno lililo moyoni halihitaji sola.

La pili, tutumie mistari yetu. Kumbukumbu la Torati 6:7 inatufundisha kuwaeleza watoto Neno tukiwa tumeketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiamka. Sisi tunatembea sana na tunangoja sana. Mama zangu mnaokwenda pamoja bombani, chagueni aya moja ya juma, mwulizane wakati madumu yako mstarini. Kanisa la Filipi lilianzia kando ya mto, mahali wanawake walipokusanyika kuomba, kama tunavyosoma Matendo 16. Lakini mstari usichukue nafasi ya ile robo saa iliyotengwa. Mstari ni nyongeza, mbegu ni mbegu.

La tatu, nasema na akina baba. Habari ya Martha na Mariamu tumezoea kuwahubiria wanawake, kwamba Martha aache jiko akae miguuni pa Yesu. Sawa. Lakini nani angekoroga chakula ili Martha naye akae? Katika Yohana 11 tunasoma kwamba walikuwa na ndugu yao, Lazaro. Luka hatuambii siku ile alikuwa wapi. Baba, usiwe kama mtu ambaye habari yake haipo. Chukua dumu moja, osha watoto miguu, washa moto, ili mama wa nyumba naye apate kukaa asikie Neno. Mwanamume anayebeba maji hapungukiwi heshima. Anaongeza saa ya ibada nyumbani mwake.

La nne, kanisa nalo lina wajibu. Ibada iliyotangazwa saa tatu na ianze saa tatu, iishe kwa wakati, ili aliyeacha kazi yake asione muda wake umechezewa. Na mkutano wa katikati ya juma tuufanye kijijini, karibu na nyumba za watu, badala ya kuwaita wote kutembea mbali jua likiwa kali.

Katika mafundisho ya Chuo cha Biblia tulisoma habari za Susanna Wesley wa Uingereza, mama yake John na Charles Wesley. Alizaa watoto 19, na ni 10 tu waliokua. Mwaka 1709 nyumba yao iliungua moto, na John, akiwa mtoto wa miaka mitano, aliokolewa kupitia dirishani. Familia ikatawanyika kwa muda katika nyumba za watu. Mama huyu aligawa jioni za juma, akawa na zamu ya kuzungumza na kila mtoto mambo ya roho yake. Zamu ya John ilikuwa Alhamisi. Husimuliwa pia kwamba alipokosa mahali pa faragha alijifunika uso kwa nguo yake ya jikoni, na watoto wakajua mama anaomba. Alikuwa mama mwenye deni, watoto wengi na nyumba iliyoungua. Alitenga, hakusubiri.

6. KWA YULE AMBAYE JUMAPILI NI SIKU YA KIBARUA

Najua swali lililobaki, maana mama mmoja aliniuliza akiwa na machozi: "Mwenye shamba ananiita Jumapili. Nisipokwenda, watoto hawali. Je, Mungu ananihesabia dhambi?"

Dada yangu, soma Marko 2. Wanafunzi walikuwa na njaa, wakavunja masuke siku ya Sabato, na Yesu aliwatetea. Alifundisha kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu. Mungu hakuweka siku yake ili watoto wako walale njaa. Nenda ukalime, na Bwana aende nawe. Lakini usiseme, "Basi, mimi sina tena siku ya Mungu." Tenga nyingine. Iwe Jumatano jioni, iwe Jumamosi alfajiri. Na mwambie mzee wa kanisa wa kijiji chako, ili waje waombe nawe katika siku yako. Na sisi tulio na chakula kidogo zaidi ya mwenzetu, tuulizane: je, hatuwezi kukusanya vikombe vya unga, ili mara moja kwa mwezi mama huyu apate Jumapili isiyo na jembe? Mana ilipimwa ili asiwepo wa kupungukiwa. Kanisa ambalo linamhubiria mtu apumzike na halimpi kikombe cha unga, limeisoma nusu ya sura.

Wapendwa, mvua iko mikononi mwa Bwana. Hatujui itanyesha lini katika maisha yetu, wala njia ya kurudi nyumbani itafunguka lini. Lakini siku itakaponyesha, atakayepanda ni yule aliyetunza mbegu juu ya meko katika mwezi wa njaa. Watoto wetu watauliza siku moja tuliwaachia nini huku ukimbizini. Tuwe na la kuwaonyesha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika siku yetu, ni saa gani tunaweza kuitenga kabla kazi hazijaanza kuila?
2. Ni kazi gani ya mama ambayo wengine nyumbani wanaweza kuichukua ili naye apumzike?
3. Kuna jirani gani asiyeweza kufika ibadani, na sisi tutamfikiaje juma hili?

TUOMBE

Baba yetu uliye mbinguni, wewe uliwalisha watu wako jangwani na ukawapa siku ya kupumzika kabla hawajaona nchi yao. Utuonee huruma sisi tulio ugenini. Utupe mkate wetu wa leo, na utufundishe kutenga sehemu yako kabla hatujala. Uwakumbuke mama wanaobeba mizigo mizito, vijana waliokata tamaa, na wale ambao safari zao zimesimama. Uipe amani Kongo, na nchi hii iliyotupokea. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Mchungaji wenu katika Kristo